Aliyeleta Maji: Kisa cha Cheti Kilichorudishwa Ngamiani

Mzee alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasiovaa miwani, akakisoma chote mpaka kwenye sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha akanirudishia.

"Mwanangu, hiki ni cha mtu mwingine."

Zilikuwa zimebaki siku tatu ifike tarehe 25 Julai ya mwaka jana, Siku ya Mashujaa. Turubai lilishalipiwa, viti vimeshaagizwa, akina mama wamegawana kazi ya pilau, na mgeni rasmi ameshakubali kuja. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maandalizi, na maneno ya kwenye cheti kile niliyatunga mimi. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu siku hizi watu wengi wanapenda kuwaenzi askari wastaafu wa mitaa yao. Ni jambo jema sana, nami nataka liendelee. Ila pale nilipojikwaa mimi, jiwe bado lipo, na wengine watajikwaa.

Mzee ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko chini ya mwarobaini, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, na katika mji kama Tanga ambako baiskeli ni miguu ya watu, hakosi kazi. Nimekaa pale mara nyingi kumtazama. Tyubu iliyotoboka huijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza. Mapovu yakitokeza hupabana kwa kidole gumba, akapakausha kwa kitambaa, akapapiga msasa mpaka mpira ubadilike rangi, ndipo akapaka sulusheni. Hapo husubiri. Vijana wa vibanda vingine hubandika kiraka sulusheni ikiwa bado mbichi. Yeye huhesabu kimoyomoyo, na ukimwongelesha hajibu mpaka amalize hesabu yake. Tena ukimpelekea pancha, akikuta breki imelegea, baiskeli haiondoki mpaka breki ikazwe, na hiyo ya breki hailipishi. Mtoto aliyevaa sare ya shule hatozwi kitu.

Mtaani tunamwita Afande. Tulichokijua juu yake ni kwamba alikuwa askari wa JWTZ, alikwenda vita vya Kagera, na anachechemea mguu wa kushoto. Basi. Kwa hayo matatu nikaketi nikaandika: "Sajenti shujaa aliyepigana mstari wa mbele na kumfukuza nduli Idi Amin mpaka Kampala." Kumbe alistaafu akiwa koplo. Kampala hakufika. Na katika vita vile vyote hakufyatua risasi hata moja.

Kikao cha jioni ile kilikuwa kigumu. Mjumbe mmoja alisema mzee ana maringo, apewe tu, mbele za watu atapokea. Mwingine akasema neno moja mawili si kitu, shujaa ni shujaa. Mwenyekiti, aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya michango, aliogopa fedheha ya kumwambia mgeni rasmi asije. Siwalaumu. Mimi mwenyewe usiku ule nilijaribu kujishawishi kwamba nikifuta "Sajenti" nikaandika "Koplo", mambo yamekwisha. Nafsi ikakataa. Cheti chenye sifa za uongo humfanya anayekipokea kuwa shahidi wa uongo huo mbele ya majirani zake, kikiwa kimetundikwa ukutani mwake mpaka siku atakayoondoka duniani. Mtu aliyekula kiapo, na akakitimiza, hatuna haki ya kumweka mahali hapo.

Asubuhi nikarudi kibandani. Nikamwamkia, nikakaa kitako kwenye kigoda cha wateja, nikamwomba radhi. Kisha sikumuuliza alipigana wapi. Nilimuuliza hivi: siku ya kawaida kule, tangu alfajiri mpaka usiku, kazi yako ilikuwa ipi? Swali hili namshauri kila anayetaka kumwandika askari. Ukiuliza habari za vita, wengi hufunga mdomo, maana ndani ya habari hizo mna maiti za wenzao. Habari za kazi mtu huzisimulia, na ukiwa na subira zitakufikisha kunako.

"Nilileta maji," akasema.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya waliozaliwa baadaye. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na yale maneno ya uwezo, sababu na nia kila mtu wa rika la Mzee anayajua kwa moyo. Siku iliyofuata daraja la Kyaka, lililokuwa njia ya kuvuka Mto Kagera, likavunjwa na adui. Hadi hapo wengi tunaijua hadithi. Tusichokisimulia ni mzigo uliofuata. Jeshi lililokuwa na watu chini ya 40,000 lilipanuliwa kwa wiki chache hadi zaidi ya 150,000, mgambo wakiwemo, na wote hao walitakiwa kuvushwa mpaka pembe ya pili ya nchi, walishwe, wanyweshwe, wavishwe na watibiwe, mvua za vuli zikiwa zinaigeuza barabara kuwa uji. Mabasi na malori ya raia yalichukuliwa kusaidia. Januari 1979 majeshi yetu yaliteka Mutukula, yakasonga Masaka, na tarehe 11 Aprili yakaingia Kampala. Sehemu kubwa ya njia hiyo askari wa miguu waliikwenda kwa miguu kweli. Mtu mwenye bunduki, risasi na vitu vyake mgongoni habebi maji ya siku mbili. Nyuma yake lazima pawe na gari linalokuja.

Mzee alikuwa fundi wa gari mojawapo kati ya hayo. Kwenda walipakia mapipa ya maji, mara nyingine mafuta. Kurudi walipakia majeruhi. Kila alfajiri kabla ya kuondoka alilala chali chini ya lori kwenye matope, akakagua breki, mabomba na springi kwa kupapasa, maana tochi ilikatazwa. "Lori likikwama na maji yako," aliniambia, "kule mbele kuna mtu anainama kwenye dimbwi anakunywa. Kesho yake anaharisha. Keshokutwa hana nguvu ya kuchimba handaki. Huyo umemuua wewe, wala hukumwona."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu vilevile, na nimeyarudia hapa bila kuyapamba.

Dereva wa lori lile alikuwa mtoto wa Ngamiani pia, wa barabara ya pili kutoka pale tulipokaa. Walikwenda JKT pamoja, wakaingia jeshini pamoja, na kwa bahati wakapangwa gari moja. Mwezi Februari 1979, siku chache kabla Masaka haijatekwa, lori lilikanyaga bomu lililotegwa ardhini, upande wa dereva. Dereva alifia kwenye usukani. Fundi alitolewa mguu ukiwa umevunjika mara mbili.

"Breki nilizikagua asubuhi ile," Mzee akasema. "Zilikuwa nzima."

Alinyamaza. Mteja akaja na baiskeli yenye cheni iliyokatika, akaishughulikia mpaka ikaisha, mteja akalipa akaenda zake. Ndipo akaongeza: "Kama mnataka kusoma jina la mtu, lipo jina la kuanzia. Langu linaweza kungoja, mimi bado nipo."

Hapo ndipo nilipokwenda kwa dada wa yule dereva marehemu. Ni bibi wa miaka sabini na ushei, bado yuko katika nyumba ile ile ya baba yao. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nilipomtaja Afande akacheka, akaniambia nitazame juu: mabati yale aliyapigilia yeye. Harusi ya binti yake ilipofika, Afande ndiye aliyesimama upande wa wajomba. Na kila mwaka, mwezi wa pili, hupita jioni moja na kilo mbili za sukari, kahawa na tende, akakaa nusu saa, akaondoka. Hajakosa tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali. Sisi majirani, miaka yote hiyo, tulidhani ni ndugu wa damu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa chote kilipolala. Tulikwenda kumtengenezea mtu heshima kana kwamba hapakuwa na heshima yoyote, na ilhali yeye, peke yake, bila turubai wala spika, alikuwa akimuenzi askari mwenzake kwa zaidi ya miaka arobaini, mita mia tatu kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuulizia hilo. Hatukuulizia kwa sababu tulishajua tunachotafuta: mtu wa bunduki.

Na jambo hili halikuanza na sisi. Tanga inalijua kuliko miji mingi. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha hapa Ras Kasone jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kupambana na Wajerumani na askari wao waliokuwa takriban 1,000, wakashindwa vibaya; mpaka leo wazee husimulia jinsi nyuki walivyowavamia watu katikati ya mapigano. Makaburi ya vita vile yapo mjini hapa, yanatunzwa, nyasi zinafyekwa, mawe yana majina. Sina kinyongo na hilo; mtoto wa watu aliyekufa mbali na kwao astahili jiwe lenye jina. Lakini vita vile katika Afrika Mashariki vilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi karibu milioni moja upande wa Waingereza peke yake, na wapatao 95,000 kati yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa. Makaburi yao ni wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ukifika Dar es Salaam, simama kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, usome maandishi ya chini. Yanawataja wapagazi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Tena yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kisha inua macho uone ni nani aliyewekwa juu: mwenye bunduki na singe. Miguu na mikono imebaki kwenye maandishi, na majina yenyewe hayamo. Mimi na kalamu yangu tulifanya kosa lile lile miaka karibu mia moja baadaye, kwa mtu tuliyempelekea pancha zetu kila wiki.

Niliyasema haya kwenye kikao cha pili, kwa ufupi kuliko hapa. Palikuwa na ubishi. Kilichoumaliza hakikuwa hotuba yangu. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya habari za pilau alinyoosha mkono, akasema ana kijana jeshini, na kijana huyo alishakwenda Kongo kwenye ulinzi wa amani. "Yeye ni mpishi," akasema. "Ile Desemba 2017 waliposema vijana wetu kumi na wanne wameuawa Semuliki, nilikaa siku mbili sijui wangu yu hai au maiti. Hofu ya mama wa mpishi ni ndogo kuliko ya mama wa mpiga bunduki?" Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti akafunga daftari lake la ratiba, akasema atakwenda mwenyewe kumwona mgeni rasmi na kumweleza.

Tukaliacha turubai, maana mwenyewe alikubali kurudisha sehemu ya fedha. Fulana zilikuwa hazijachapishwa, tukazifuta. Badala ya sherehe tukaenda na njia ambayo watu wa pwani tunayo siku zote ya kumkumbuka aliyetutangulia: hitima. Ilisomwa barazani kwa yule dada wa marehemu, alasiri ya tarehe 25, na majirani Wakristo wakakaa kwenye mikeka pamoja nasi mpaka mwisho. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimemwambia Mzee kwamba katika maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Alikuwa anajua. "Shoka ndilo sawa," akasema. "Njia haikatwi kwa sime."

Kabla ya dua ya mwisho nilisoma karatasi moja. Maneno yake aliyatamka Mzee, mimi nikaandika, na nilimsomea mara tatu kabla ya siku yenyewe ili kila neno liwe lake. Lilitangulia jina la mwenzake, jina la baba yake na la babu yake, kisha: "Dereva. Alipeleka maji na mafuta kutoka Kyaka kwenda mbele, akarudisha majeruhi. Hakuwahi kuacha gari njiani. Alifia kwenye usukani, Februari 1979." Baada ya hapo, jina la Mzee mwenyewe: "Koplo. Fundi wa gari hilohilo." Nilitaka kuongeza neno "shujaa". Akaniambia watu waliokaa pale wana akili zao.

Vijana wa baiskeli, wale wa vibanda vya jirani, walikuja wote. Walikuwa hawajui. Mmoja wao, ambaye ndiye mwenye haraka kuliko wote ya kubandika kiraka, alikaa karibu na mlango muda wote kakunja mikono, na chai ilipoletwa yeye ndiye aliyeinuka kumpelekea Mzee kikombe, akampa kwa kuinama.

Hitima ilipokwisha, likabaki jambo ambalo bibi alilitaja mara moja tu, siku ile ya mchele, kisha akaligeuza kwa kuuliza habari za watoto wangu: ndugu yake kazikwa Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile, naye hajapata kufika. Kwanza watoto walikuwa wadogo, kisha nauli, kisha magoti. Tanga na Muleba ni mwanzo na mwisho wa nchi. Fedha za fulana na zile zilizorudishwa za turubai hazikutosha, tukapitisha daftari tena, na safari hii hapakuwa na haja ya kubembeleza mtu. Mama wa mpishi alichangia wa kwanza. Mzee tulimwomba aende naye. Akasema mguu hauwezi siku mbili za basi, na nadhani palikuwa na sababu nyingine ambayo sikuiuliza. Bibi akasindikizwa na mjukuu.

Kuhusu ule mguu, kamati sasa ina zamu. Kila miadi ya hospitali kuna mtu wa kwenda naye, kukaa foleni na kushika makaratasi, na mimi nina mwezi wa tatu na wa tisa. Tungeweza kulianza hili miaka kumi iliyopita, kabla ya kufikiria fremu na cheti.

Bibi alirudi mwezi wa kumi. Nilikuwa kibandani aliposhuka kwenye bajaji, kavaa baibui la safari, mwavuli mkononi. Mzee akaacha tyubu kwenye karai, akafuta mikono, akasimama. Wakasalimiana kwa kirefu, hali, safari, mjukuu. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu.

"Jua vipi kule?"

"Kali," bibi akasema. "Nikafungua mwavuli, tukakaa."